Tusiishie kumtafuta mkosaji

Shida ikirudi mara kwa mara katika parokia, shule au kituo cha afya, tunazoea kuuliza: nani amekosa? Tunabadilisha mweka hazina, tunahamisha mwalimu, na mwaka unaofuata shida ni ileile. Kuna njia nyingine: kutazama kazi yote kama mfumo, yaani sehemu nyingi zinazosukumana, na kuuliza jibu letu la leo litazaa nini kesho.

Sisi wa Beni na Butembo tuliyaona hayo wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ukatangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Kwa jumla watu 2,287 walikufa. Chanjo ilianza kutolewa mwezi uleule wa Agosti. Kwa nini basi ulidumu karibu miaka miwili?

Wengine walisema wananchi ni wakaidi. Wengine walisema Ebola ni biashara ya watu wa Riposte. Lakini tukifuata mambo hatua kwa hatua, tunaona mzunguko. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa, na wengi walijiona wameachwa. Ghafla magari na pesa nyingi vikaja kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Watu wakashuku. Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa hadi Machi, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo. Rais mpya akaapishwa Januari bila kura zetu. Mashaka yakazidi. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Ulinzi wa silaha ukaongezwa, walioona bunduki wakaogopa zaidi, wengine wakaficha wagonjwa, ugonjwa ukaendelea. Kila upande ulikuwa na sababu zake, lakini majibu ya pande zote yaliilisha shida ileile.

Mzunguko wa namna hii haukatiki kwa kuongeza nguvu tu. Unalegea pale imani ya watu inaporudi: familia inaposhuhudia mazishi ya mtu wao, mgonjwa anapolazwa katika chumba cha plastiki angavu ili jamaa wamwone, waliopona wanapolea watoto wa wagonjwa. Hayo yote yalifanyika kwetu.

Kanisa la kwanza lilijua jambo hili. Katika Matendo 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakutafuta wa kuadhibu. Walibadili mpango wenyewe: watu saba wakachaguliwa, na majina yao yote ni ya Kiyunani.

Basi kamati zetu zijiulize maswali matatu. Shida hii imerudi mara ngapi, na kila mara tulijibuje? Jibu letu liliongeza nini upande mwingine? Nani anaumia na hayupo katika kikao? Chukueni mfano wa sadaka: ikipungua, tunahimiza kwa ukali kila Jumapili, asiye na kitu anaona haya, anabaki nyumbani, sadaka inapungua tena. Chorini mishale ubaoni, mtauona mzunguko.

Ebola ilirudi kwetu Februari na Oktoba 2021, na inaweza kurudi tena. Tusingoje siku hiyo ndipo tuanze kujenga imani kati ya kanisa, kituo cha afya na mtaa. Bwana atupe macho ya kuona mwili wote, si kidonda tu.