Uvimbe wa Mafuta: Ukiambiwa Haupasuliki, Pesa Ziende Wapi?

Mgonjwa wa moyo au wa sukari akiambiwa uvimbe wake wa mafuta, yaani lipoma, haupasuliki, jamaa huweza kuwaza harambee ya kumpeleka Nairobi kwa mionzi. Kabla ya kuchanga, linganisheni njia zilizopo.

Kuuacha. Lipoma isiyouma wala kukua haidai tiba. Utalipia kumwona daktari na kukaguliwa mara moja moja. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, mara nyingi hii ndiyo njia ya busara.

Kuutoa kwa ganzi. Muulize daktari: kisichowezekana ni upasuaji wenyewe, au ni nusukaputi? Uvimbe ulio chini tu ya ngozi hutolewa kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa akalala kwake siku hiyo hiyo. Kama uko Nyeri, anzia karibu: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, Consolata Mathari, au PCEA Tumutumu karibu na Karatina. Taka bei nzima: upasuaji, dawa, kupima nyama maabara, kusafisha kidonda na kutoa nyuzi. Uliza pia SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani.

Kufyonza mafuta au sindano za steroidi. Kovu huwa dogo, ila ganda la uvimbe likibaki, uvimbe huweza kurudi. Sindano hupunguza ukubwa tu, na steroidi huweza kupandisha sukari.

Mionzi. Hapa utatumia pesa nyingi upate nafuu kidogo. Mionzi hupiga zaidi seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli za lipoma hugawanyika polepole, ndiyo maana mionzi si tiba yake ya kawaida. NHIF ilikuwa ikilipa shilingi 3,600 kwa kikao. Kwa kiwango hicho, vikao 10 ni 36,000, bado nauli ya kilomita zipatazo 150 kutoka Nyeri, malazi na vibarua vilivyokosekana. Tena mionzi huweza kuunguza ngozi na, miaka mingi baadaye, kuzua saratani.

Hesabu hubadilika uvimbe ukizidi sentimita 5, ukikua haraka, ukiwa mgumu au ukijificha ndani ya misuli. Huenda ni liposarkoma, saratani ambayo mionzi ina nafasi katika tiba yake. Hapo shilingi ya kwanza ilipie picha ya MRI na kipande cha nyama kipelekwe maabara. Asiyeonyeshwa majibu hayo asikubali kulipia mionzi.