Meli za Kale za Maziwa Yetu, na Kazi ya Kuzihifadhi

Wenye kijitabu cha masomo, fungueni ukurasa huu mnifuate pole pole. Nawe uliyelikosa somo hewani na sasa walisoma, karibu. Hujapitwa na kitu.

Leo tutazungumza juu ya meli zilizozeeka. Meli ikizeeka, ifanyweje? Ikatwe iuzwe chuma chakavu? Itengenezwe irudi kazini? Au iwekwe gatini watu waje kuitazama? Kwa watu wa Mwanza, Bukoba na Ukerewe, hayo si mambo ya vitabuni. Mama apandaye meli usiku na mtoto mgongoni ana haki ya kujua kama chuma kilicho chini ya miguu yake ni kizima, na ni nani aliyekipima.

Kwanza tujiulize: meli kubwa ilifikaje ziwani? Ziwa Viktoria lina mto mmoja tu utokao, nao ni Nile, na Nile ina maporomoko njiani. Hakuna meli iwezayo kupanda kutoka baharini hata huku. Basi meli kubwa za zamani ziliundwa Ulaya, zikafunguliwa vipande vipande, zikaletwa hapa kama mtu ahamishavyo kitanda.

Chukua mfano wa meli Victoria, ambayo wengi wenu mmeipanda. Iliundwa na kiwanda cha Yarrow katika mji wa Glasgow, Uskoti. Kila kipande kikatiwa namba. Vikaja Mombasa kwa meli ya bahari, kisha Kisumu kwa gari moshi, na huko Kisumu mafundi wakaviunganisha tena kwa kuchomelea. Ikaanza kazi mwaka 1961, chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Siku zile iliitwa R.M.S. Victoria, maana yake meli ya posta ya kifalme, kwa kuwa ilichukua barua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ikawa mali ya Tanzania.

Katika habari hiyo mna jambo moja la kukumbuka. Meli ya baharini ikizeeka, mwenyewe aweza kuiuza nchi ya mbali, au kuipeleka bandari nyingine yenye mafundi bora. Meli ya ziwani haina pa kwenda. Ilikoshushwa majini ndiko itakakozeekea, na kama hapa hapana mafundi na vyombo vya kuitengeneza, basi itakufa hapa hapa.

Pamoja na hayo, meli za maziwa huishi miaka mingi kupita zile za bahari. Sababu yake ni kutu. Kutu huhitaji chuma, maji na hewa, na hufanya kazi kwa umeme mdogo sana upitao ndani ya maji. Maji ya chumvi huupitisha umeme huo kwa urahisi. Maji baridi kama ya ziwa letu huupitisha kwa shida. Jembe lililoachwa ufukoni Dar es Salaam huliwa upesi kuliko jembe lililoachwa ufukoni Sengerema. Ni vivyo hivyo kwa meli.

Lakini kuliwa pole pole si kutokuliwa. Kutu hupenda mahali pa giza na unyevu: ndani ya ngama kule chini ambako maji machafu hukusanyika, chini ya vyoo na jiko, na pembeni pale maji yanapokutana na hewa. Rangi mpya huweza kuficha hayo yote. Abiria aona meli nyeupe inang'aa, ilhali bamba la chini limekuwa jembamba kama sufuria kuukuu. Ndiyo sababu mkaguzi hatazami rangi. Hutumia chombo kidogo kipelekacho sauti ndani ya chuma na kupima muda inaochukua kurudi. Kwa hesabu hiyo hujua unene wa bamba bila kulitoboa. Bamba lililopoteza kama robo ya unene wake kwa kawaida hukatwa, likawekwa jipya. Na kazi hii haifanyiki meli ikielea. Sharti ipandishwe katika chelezo, yaani mahali pa kuitoa meli majini. Nchi isiyo na chelezo haiwezi kutunza meli, hata ingekuwa na fedha nyingi.

Sasa twende kidogo Ziwa Tanganyika, maana hatuwezi kusema habari za meli kongwe tukaiacha Liemba.

Liemba iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani, ikapewa jina Graf von Götzen, ambaye aliwahi kuwa gavana wa Wajerumani katika nchi hii. Ilifunguliwa ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa reli. Walikuja mafundi watatu kutoka kiwandani kuiunganisha. Siku zile mabamba hayakuchomelewa. Yalishikwa kwa ribiti, yaani misumari mifupi itiwayo ikiwa imechomwa moto, kisha hugongwa pande zote mbili. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza.

Mwezi Julai 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini wale mafundi walizipaka mashine mafuta mazito kwanza, zisipate kutu. Ni kana kwamba walijua kuwa siku moja mtu mwingine atazihitaji. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa majini, wakakuta mashine zaweza kutumika, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Iliendelea kwa mvuke hata miaka ya 1970, ndipo ikatiwa mashine za dizeli. Mwaka 2015, ikiwa na umri wa miaka mia kamili tangu kushushwa, ilichukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kuwaleta Kigoma. Iliacha safari mwaka 2018, na kufikia mwaka 2024 mikataba ya kuikarabati ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi husema, "Meli kongwe ni hatari," wakakoma hapo. Hebu tutazame ajali zetu. Meli Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Iliundwa mwaka 1979; ilikuwa na umri wa miaka 17 tu. Iliruhusiwa abiria 430, na waliokufa peke yao walipita 800. Kivuko cha Nyerere kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 kilianza kazi mwaka 2004. Kiliruhusiwa watu 101, wakafa zaidi ya 220. Vyombo hivyo viwili havikuwa vikongwe. Kilichozidi ni watu na mizigo kupita kipimo. Meli hukaa wima kwa sababu uzito mwingi uko chini. Ukipakia watu wengi juu, uzito hupanda, na ikilala upande haina nguvu ya kuinuka. Ni kama mtu asimamaye ndani ya mtumbwi. Waliopata kwenda makaburi ya Igoma walikozikwa ndugu zetu wa mwaka 1996 hawahitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo nisije nikawapotosha. Uzee nao una deni lake. Mwezi Mei 2024 meli Clarias, iliyoundwa mwaka 1961, ilipinduka katika Bandari ya Mwanza Kaskazini hali imefungwa gatini, bila abiria. Tumshukuru Mungu kwamba ilikuwa hivyo. Maoni yangu ni kwamba umri wa meli ni kama umri wa mtu: haukuambii kama ni mgonjwa, lakini wakuambia ni mara ngapi umpeleke kwa daktari.

Turudi kwa Victoria. Ilisimama mwaka 2014, kwa kuwa mashine zake zilikuwa zimechoka, na watu wa Bukoba wakabaki na njia ya mabasi. Wachuuzi wa ndizi na kahawa wanaijua tofauti: mzigo uliokuwa ukipakiwa Kemondo jioni na kuonekana Mwanza asubuhi sasa ulizunguka nchi kavu. Septemba 2018 serikali ilitia sahihi mikataba minne hapa Mwanza: kuikarabati Victoria, kuikarabati Butiama, kujenga chelezo kipya, na kuunda meli mpya kabisa. Angalieni hesabu zake. Kuikarabati Victoria kulipangiwa shilingi bilioni 22 na zaidi kidogo. Meli mpya ilipangiwa bilioni 88 na zaidi. Zote mbili huchukua abiria 1,200. Lakini mizigo, Victoria ni tani 200, na mpya ni tani 400. Basi kwa kama robo ya fedha walipata nafasi ile ile ya abiria na nusu ya shehena. Meli ya zamani ilitiwa mashine mpya ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu. Ile mpya, iitwayo Mwanza, ilishushwa ziwani Februari 2023.

Huenda mmoja wenu akauliza: kama mashine ni mpya, vyumba vipya, hata jina limebadilishwa, je, hiyo ni Victoria tena? Mimi nasema ndiyo. Mwili ni ule ule uliotoka Glasgow kwa vipande. Nyumba iliyoezekwa upya haiwi nyumba nyingine. (Juu ya jina sitasema mengi, wazee wa Bukoba huendelea kuiita Victoria, na sijasikia mtu akiwakosoa.)

Lakini si kila meli hupata bahati hiyo. Katika Ziwa Albert, Uganda, ilikuwako meli nzuri iitwayo Robert Coryndon, iliyoanza kazi mwaka 1930. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda sana, ikaharibika pale Butiaba, ikalala miaka mingi ikiliwa na kutu, mwisho ikakatwa. Katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, iko Chauncy Maples, meli ya misheni iliyoshushwa majini mwaka 1901. Mtungi wake wa mvuke ulivutwa nchi kavu na mamia ya Wangoni kwa mikono. Mwaka 2009 marafiki wa huko London walianza kuchanga fedha waigeuze zahanati ielelayo. Nia ilikuwa njema, lakini mpango huo haukukamilika.

Msidhani kwamba ni umaskini wetu tu. Marekani walikuwa na meli ya abiria iliyoitwa kwa jina la nchi yao, United States, ambayo mwaka 1952 ilivuka Atlantiki upesi kupita meli zote za abiria. Ilifungwa gatini Philadelphia tangu mwaka 1996. Wapenzi wake walichanga, wakaomba, wakaandika barua. Hawakupata mtu wa kuitengeneza. Mwezi Februari 1995 isingewezekana kuamini, lakini Februari 2025 ilikokotwa kwenda Alabama kutayarishwa izamishwe baharini, iwe makao ya samaki. Nchi tajiri kuliko zote ilishindwa. Lakini kule Peru, katika Ziwa Titicaca, meli ndogo Yavari, iliyoundwa London mwaka 1862 na kupandishwa milimani vipande vipande kwa migongo ya nyumbu, iliokolewa na kufanywa mahali pa kutembelewa.

Tofauti ni kazi. Meli yenye kazi hujilipia rangi yake. Meli isiyo na kazi huomba, na mwombaji huchokwa. Queen Mary, iliyotia nanga California mwaka 1967, imesalia kwa kuwa ilifanywa hoteli, na hata hivyo matengenezo yake yamesumbua kila mtu aliyekabidhiwa.

Nasi hapa lazima tulifikirie jambo hili, kwa sababu kazi ya vyombo vyetu inapungua. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kama kilometa 3. Gari la Bukoba halingojei kivuko tena. Ni faida kubwa, na sitaki mtu adhani nalilaumu daraja. Lakini meli itabaki na abiria gani? Na mizigo gani?

Sasa kazi ya kikundi. Mwenyekiti awasomee wenzake maswali haya, kila mmoja apewe nafasi ya kusema, wazee waanze. Katika kijiji chenu, ni mzigo upi ambao bado wafaa kwenda kwa meli kuliko kwa gari, na kwa nini? Je, Clarias ingekuwa yenu, na mngekuwa na fedha za kutosha kwa jambo moja tu, mngeitengeneza, mngeikata, au mngeiweka pwani watoto wa shule waje kujifunza? Tena kila mmoja wenu atakayesafiri kabla ya kipindi kijacho na atazame ndani ya meli ile kibao chenye idadi ya abiria walioruhusiwa, aandike namba hiyo, kisha akadirie waliomo.

Majibu yaandikwe katika daftari la kikundi. Juma lijalo tutajifunza namna ya kusoma tiketi na hati ya mzigo. Mwenye hati ya zamani nyumbani, aje nayo.