Ndege Wawindao wa Uwanda wa Kano (3): Mwewe wa Awasi Naye Ahesabiwe

Januari 2023, kwelea walipovamia mpunga wa Kisumu na Serikali ikaanza kuwapulizia fenthioni, hasara ya wakulima ilielezwa sana, na ilistahili. Kwelea mmoja hula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi lake huwa la mamilioni. Linalonisumbua ni la upande wa pili. Fenthioni huvuruga mishipa ya fahamu, na ndege aliyekwisha kuivuta huanguka taratibu, akawa windo rahisi kwa kozi na mwewe, nao wakaila sumu hiyohiyo. Wangapi walikufa hivyo? Hatuwezi kujibu bila kujua walikuwa wangapi kabla ya dawa. Waliofuata makala zilizotangulia tayari wanamtambua kipanga na mwewe kwa mkia na bawa, kwa hiyo leo nitashughulika na kumbukumbu tu, hasa ya picha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Leslie Brown. Alikuwa ofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, mtu wa mashamba na mazao, lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akipanda kilima kimoja huko Embu chenye viota vya tai wa aina kadhaa, akiandika jozi ipi imetaga, kinda yupi ameruka, kiota kipi kimehamwa. Kitabu chake cha 1970, African Birds of Prey, kimejengwa juu ya subira hiyo. Miaka hiyohiyo ya sabini watafiti wengine walipita barabara za Kenya kwa gari wakihesabu kila ndege awindaye waliyemwona. Hesabu zile zilionekana kazi kavu, ila ndizo zilizowezesha utafiti wa 2022 kulinganisha miaka ya 1970 hadi 1977 na ile ya 2003 hadi 2020, na kugundua kwamba kati ya aina 22, aina 19 zimepungua. Tai mweusi mwenye kishungi kirefu, ambaye mashamba ya magharibi mwa Kenya ni makao yake kabisa, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Asingehesabiwa wakati ule alipokuwa wa kawaida, leo tungekuwa tunabishana kwa hisia. Ndiyo maana naona ni kosa wapiga picha wetu kukimbilia Maasai Mara na kumpita mwewe wa Awasi, yule otenga wa Wajaluo, kana kwamba kuwa wa kawaida ni aibu.

Atauliza mtu: mkulima anayelala njaa atamhurumia kipanga? Haihitaji huruma. Tai mwenye kishungi huishi kwa panya, na panya hula mpunga pia. Wengine husema picha ni starehe ya wenye lenzi ndefu. Kwa ushahidi, picha hafifu ya simu iliyopigwa kupitia darubini inatosha, mradi iwe na tarehe na mahali. Picha nzuri isiyo na hivyo ni pambo. Pingamizi la uzito zaidi ni kwamba mpiga picha mwenyewe huwasumbua ndege, na hilo ni kweli. Anayepanda mti kufikia kiota, anayemrushia mwewe kifaranga ili ashuke, au anayetangaza kiota kilipo, anaharibu alichodai kukipenda. Akae mbali, na mama ndege akianza kupiga kelele, aondoke.

Kumbukumbu zina pa kupelekwa: Kenya Bird Map, ambayo Makumbusho ya Taifa ni miongoni mwa waanzilishi wake, imeigawa nchi katika miraba ya kilomita takriban tisa kwa tisa. Basi ukimwona tai mwenye kishungi juu ya nguzo ya umeme kati ya Ahero na Awasi, mpige picha, andika saa na mahali. Ukipita njia hiyo mwezi mzima bila kumwona, andika na hilo.