Kuokoa Sauti Iliyofichwa katika Barua-pepe: Mwongozo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Utangulizi

Fasihi simulizi huhifadhiwa vichwani mwa watu na katika kanda za kunasia sauti. Kuna hifadhi nyingine ambayo watafiti wengi hawaitazami, nayo ni barua-pepe za zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu aliyetumia programu ya Outlook Express aliweza kuitia barua yake muziki wa usuli, yaani sauti iliyoanza kusikika yenyewe pindi barua ilipofunguliwa. Wengi walitia vipande vya ala. Wachache walitia sauti za wazee wao. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sauti ya namna hiyo inavyofichwa ndani ya barua, kwa nini haisikiki tena katika programu za leo, na hatua za kuitoa na kuihifadhi katika tarakilishi. Aidha, yatagusia mambo ambayo mtafiti hana budi kuyazingatia kabla ya kuitumia sauti hiyo kama data.

Kisa kilichozua makala haya

Mwaka wa 2006, mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat alimtumia mama salamu za Idd kwa barua-pepe. Barua ilipofunguliwa nyumbani kwetu Woodley, ilisikika sauti ya nyanya, mama yao, akiimba bembelezi. Mjomba alikuwa ameinakili kutoka kwenye kanda ambayo baadaye ilipotea. Nyanya alifariki mwaka wa 2011. Kwa hivyo, barua ile ndiyo iliyobaki na sauti yake.

Barua ilikaa katika tarakilishi kuukuu ambayo siku hizi huwaka siku moja na kugoma siku tatu. Nilipoanza kukusanya bembelezi kwa ajili ya tasnifu yangu, mama alinikumbusha habari zake. Niliifungua, nyanya akaimba. Hata hivyo, hapakuwa na alama ya kiambatisho, wala kitufe cha kuhifadhi sauti. Niliipeleka barua hiyo kwenye anwani yangu ya Gmail. Ilifika ikiwa bubu. Nikaweka simu karibu na spika ili ninase sauti hewani. Nilipata nusu bembelezi na nusu honi za matatu za barabara ya Joseph Kang'ethe. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sharti nielewe barua-pepe yenyewe imeundwaje.

Barua-pepe hubebaje sauti?

Barua-pepe iliundwa kubeba maandishi matupu ya herufi za Kiingereza. Njia ya kubeba picha na sauti ilisanifiwa na Nathaniel Borenstein na Ned Freed, na kuchapishwa mwaka wa 1992 kwa jina la MIME. Tarehe 11 Machi mwaka huo, Borenstein alituma ujumbe wa majaribio wenye picha na sauti ya kundi lake la waimbaji wanne. Hivyo basi, wimbo umo katika barua-pepe tangu siku za mwanzo kabisa za viambatisho.

MIME huigawa barua katika sehemu, na kila sehemu hutanguliwa na maelezo yanayotaja ni ya aina gani: maandishi, picha au sauti. Kwa kuwa njia ya barua ilizoea herufi tu, sauti husimbwa kwanza kwa mfumo uitwao base64. Kila baiti 3 za faili hugeuzwa kuwa herufi 4 zinazochaguliwa miongoni mwa alama 64: herufi kubwa 26, herufi ndogo 26, tarakimu 10, na alama za + na /. Matokeo yake ni kwamba faili huongezeka ukubwa kwa takribani theluthi moja.

Tuchukue mfano wa bembelezi la nyanya. Lina sekunde 40, na lilirekodiwa kwa kiwango cha sampuli 8,000 kwa sekunde, kila sampuli baiti 1. Hizo ni baiti 320,000. Baada ya kusimbwa huwa herufi zipatazo 427,000, na kwa kuwa mstari mmoja hauruhusiwi kuzidi herufi 76, sauti hiyo hujaza zaidi ya mistari 5,600. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, barua kama hiyo ilihitaji zaidi ya dakika moja kupokelewa, hata pale laini ilipokuwa nzuri. Ndiyo maana watumaji wa enzi hizo walichagua sauti fupi na za ubora wa chini.

Kwa nini barua imenyamaza?

Sauti ya usuli ilichezwa kwa amri iitwayo bgsound, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya Internet Explorer na kutumiwa pia na Outlook Express. Haikupata kuwa sehemu ya kanuni rasmi za wavuti. Windows Vista ilipotolewa kwa umma mwaka wa 2007, Outlook Express haikuwemo tena. Huduma za barua-pepe za kwenye wavuti nazo huiondoa amri hiyo kwa sababu za usalama. Msomaji asikate tamaa, kwani amri ikipuuzwa si lazima sauti yenyewe iwe imefutwa. Sauti yaweza kuwa imo ndani ya barua bila ya kuwapo wa kuiimbisha.

Hatua za kuitoa sauti

Kwanza, ipate barua kamili. Katika Outlook Express, iburute barua kutoka orodhani hadi kwenye eneo-kazi. Itakuwa faili yenye kiishio cha.eml. Katika huduma za wavuti kama Gmail, tafuta chaguo la kuonyesha ujumbe wa asili, kisha uupakue. Usiifanyie kazi nakala ya pekee. Tengeneza ya pili kwanza.

Pili, ifungue nakala hiyo kwa programu ya maandishi matupu kama Notepad, kisha utafute neno bgsound. Mbele yake pana anwani ya sauti. Hapa ndipo penye njia panda. Anwani ikianza kwa cid:, sauti imo ndani ya barua. Ikianza kwa http:, barua haikubeba sauti. Ilielekeza tu mahali ilipowekwa kwenye mtandao. Wa kwanza ni mgeni aliyekuja na mzigo wake, wa pili amekuja na anwani ya alikouacha. Mzigo uliowekwa GeoCities, kwa mfano, ulipoteza makao huduma hiyo ilipofungwa kwa watumiaji wengi mwezi wa Oktoba 2009.

Tatu, ikiwa ni cid:, nakili maneno yanayoifuata na uyatafute mbele zaidi katika barua, penye maelezo ya Content-ID. Karibu na hapo utaona aina ya sehemu, mathalani audio/wav, na neno base64. Baada ya maelezo hayo kuna mstari mtupu, kisha msitu wa herufi.

Nne, nakili herufi zote kuanzia baada ya mstari mtupu hadi kabla ya mstari wa mpaka, ambao huanza kwa vistari viwili. Zihifadhi katika faili mpya, tuseme sehemu.txt.

Tano, zisimbue. Katika dirisha la amri la Windows, ukiwa ndani ya folda yenye faili hiyo, andika: certutil -decode sehemu.txt sauti.wav. Epuka tovuti zinazojitolea kusimbua kwa niaba yako, maana utakuwa umewakabidhi wageni sauti ya jamaa yako.

Sita, thibitisha aina ya faili ili uipe kiishio kinachofaa. Herufi za mwanzo za msimbo hujieleza: UklGR ni WAV, TVRoZ ni MIDI, na SUQz ni MP3 yenye lebo ya maelezo.

Tahadhari kwa mtafiti

Faili ya MIDI haina sauti ya mtu. Ina maagizo tu: nota ipi ipigwe, lini na kwa nguvu gani. Anayetafuta ushairi ndani yake ataambulia mahadhi pasipo maneno.

Faili ya WAV ina sauti, lakini ubora wake una mipaka. Rekodi ya sampuli 8,000 kwa sekunde haiwezi kubeba mawimbi yanayozidi hezi 4,000, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya sauti kama /s/ iko juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo, mtu asijenge hoja ya kilahaja juu ya tofauti ya /s/ na /th/ kwa kutegemea rekodi ya namna hii. Maneno, vina, mizani na mahadhi vinaweza kuchunguzwa. Vipasuo na vikwamizo vichunguzwe kwa hadhari kubwa. Faili ya asili isigeuzwe kuwa MP3. Ihifadhiwe ilivyo, pamoja na barua nzima, kwa kuwa barua ndiyo inayotaja tarehe na mtumaji.

Suala la haki nalo halikwepeki. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inatambua haki za watendaji, na Sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi inalinda sanaa za jamii. Kupata sauti si sawa na kuruhusiwa kuichapisha. Mimi niliomba idhini ya mama na mjomba kabla ya kunukuu hata mshororo mmoja.

Hitimisho

Mama alikuwa akishikilia kwamba ubeti wa mwisho wa bembelezi lile humtaja baba aliye safarini. Katika sauti ya nyanya, msafiri ni mtoto mwenyewe, naye anayebembelezwa ni mama anayebaki. Mama aliusikiliza ubeti huo mara tatu, kisha akasema kwamba nyanya aliurekodi mjomba akiwa amekwisha kuondoka kwenda Muscat. Sijui kama nyanya aliubadilisha kwa ajili ya mwanawe au mama ndiye aliyesahau; hilo nimeliacha wazi katika tasnifu yangu. Ninalolijua ni kwamba swali lenyewe lisingezuka kama barua ingezikwa pamoja na tarakilishi ile. Msomaji na awaulize wazazi wake wana barua gani za zamani, na azifungue mapema, mashine zikiwa bado zinawaka.