Sukari na Hofu Katika Faili Moja

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa katikati, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale wa Mombasa. Eastleigh, Nairobi, nayo ilifungwa siku hiyo hiyo. Amri ilikuwa ya siku 15. Ikaongezwa, Idi ikapita humo humo, na vizuizi havikuondolewa hadi Juni. Kila alasiri taifa lilisomewa idadi ya walioambukizwa Korona. Hesabu hiyo haikumtaja mzee wa Kuze, ndani ya Mji wa Kale, ambaye miadi yake ya sukari na presha ilikuwa Hospitali Kuu ya Pwani, ng'ambo ya kizuizi, wala yule ambaye hata angeruhusiwa kupita asingekwenda, kwa kuogopa kupimwa na kupelekwa karantini.

Mgonjwa kama huyo huwa na maradhi mawili yanayochocheana, ya mwili na ya akili.

Hofu inapomshika mtu, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Ini huachilia sukari iliyowekwa akiba, mishipa hubana, presha hupanda. Hatari ikipita upesi, mambo hurejea yalivyokuwa. Ikidumu wiki nne, mwenye kisukari hukaa wiki nne sukari yake ikipanda bila mpangilio, hata kama hajagusa kaimati hata moja. Kisha huja sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ambayo huwapata wenye kisukari kwa kiasi cha mara mbili zaidi ya watu wengine. Aliyeshikwa na sonona hulala ovyo, hula ovyo, huacha kutembea, na vidonge hubaki kwenye pakiti. Anaporudi kliniki huambiwa hafuati masharti. Karipio hilo humwongezea unyonge, na mara ijayo haji kabisa.

Kuna na hatari ya kuzichanganya dalili. Sukari ikishuka ghafla mtu hutoka jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio, akahisi anakufa. Shambulio la hofu kali nalo huja vivyo hivyo. Muuguzi aliyefunzwa upande mmoja tu anaweza kumpa nasaha mgonjwa anayehitaji gilasi ya maji ya sukari mara moja. Tone la damu kwenye kipimo ndilo hukata shauri, nalo lichukuliwe kwanza. Upande wa pili nao una yake: baadhi ya dawa za maradhi ya akili, kwa mfano olanzapini, huongeza uzito na kupandisha sukari. Basi anayetibiwa akili anahitaji kupimwa sukari, na anayetibiwa sukari anahitaji kuulizwa hali ya moyo wake.

Hata hivyo misaada ya dharura imezoea kutenganisha. Kwa miaka mingi ilijengwa juu ya kipindupindu, surua, majeraha na utapiamlo, mambo yanayoua upesi na kuonekana. Maradhi ya kudumu yalichelewa kupewa nafasi, na afya ya akili ikapewa hema lake pembeni, ambalo wengi huona haya kuonekana wakiliingia. Si kwamba mahitaji ni madogo. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Mwaka 2015 shirika hilo na lile la wakimbizi, UNHCR, walikuwa wameshatoa mwongozo wa kumwezesha daktari au muuguzi wa kawaida kutibu maradhi ya akili penye maafa. Mwongozo upo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja aliyepewa kazi zote mbili.

Mfano wa kutafakariwa uko Dagahaley, mojawapo ya kambi za Dadaab. Nyumba za wakimbizi hazina friji, na agizo la watengenezaji lilikuwa insulini isizidi nyuzi 25 baada ya chupa kufunguliwa. Kwa hiyo wagonjwa walilazimika kwenda hospitali kila walipohitaji sindano, zaidi ya mara moja kwa siku, siku zote za maisha yao. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichukua joto halisi la nyumba za kambi hiyo, kati ya nyuzi 25 na 37, wakaliiga katika maabara kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa Februari 2021: nguvu ya insulini haikupungua kwa zaidi ya asilimia 1, kwa hiyo ingeweza kuwekwa nyumbani.

Utafiti huo wa kifamasia una uzito mkubwa kwa akili pia. Mama anayejidunga nyumbani hawaachi watoto peke yao asubuhi na jioni. Kijana anaweza kwenda shule, kufanya kibarua, kukaa na wenzake. Mtu ambaye siku yake yote ilikuwa foleni amerudishiwa siku yake, na hakuna nasaha inayoweza kushika nafasi ya hilo.

Nasaha zenyewe hazihitaji daktari bingwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wahudumu wa afya ya jamii Nairobi walifunzwa kuwasaidia wanawake waliopitia ukatili. Vikao vilikuwa vitano, na mafunzo yake ya kawaida: kutuliza pumzi, kulikabili tatizo moja kwa wakati, kurudia shughuli zilizoachwa, kuwategemea watu wa karibu. Dhiki ilipungua. Katika makazi ya Rhino, Uganda, wanawake wa Sudan Kusini walisikiliza mafunzo ya namna hiyo kwa vikundi kupitia sauti iliyorekodiwa, nao wakapata nafuu. Kuhusu kuunganisha kazi zote mbili, utafiti wa Marekani wa 2010 uliwafuata wagonjwa 214 wenye sonona pamoja na kisukari au maradhi ya moyo. Waliopewa muuguzi mmoja wa kushughulikia yote walikuwa, baada ya mwaka, na sukari, presha, mafuta ya damu na hali ya akili bora kuliko wenzao.

Kenya tayari ina mahali pa kuanzia. Septemba 2023 serikali ilizindua zaidi ya wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, kila mmoja na mkoba wenye kipima sukari na mashine ya presha. Anapofunga mkanda wa presha mkononi mwa bibi wa Kuze, mhudumu anaweza kuuliza maswali mawili: je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Je, umekuwa ukijiona mnyonge, umekata tamaa? Majibu yaandikwe daftari lile lile la sukari. Akitaja kutaka kufa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini mhudumu huyo ana nyumba zipatazo 100, na akisikiliza dhiki za zote, yeye naye anahitaji wa kumsikiliza. Wale wa Nairobi waliofanikiwa walikuwa na wasimamizi. Wahudumu wa mitaani hulipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Msimamizi wa nasaha hayumo katika hesabu hiyo, na ndiye ambaye kaunti ya Mombasa inapaswa kumwajiri kabla ya dharura nyingine kufika.