SOKO LA MBAO ZA MAWIMBI: Lita peke yake hazimtoshi mnunuzi

Katika maduka mengi ya California na Australia, ubao wa kutelezea mawimbini siku hizi huuzwa ukiwa na tarakimu moja karibu na jina la mtengenezaji: ujazo wake kwa lita. Wanunuzi wengi huichukulia kama kilo kwenye mfuko wa sukari. Hata hivyo, mbao mbili za lita 30 kila moja zaweza kutofautiana sana zikifika majini, na anayelipa kwa kutazama lita tu anaweza kurudi nyumbani na bidhaa isiyomfaa.

Ni kweli lita zina kazi. Mtelezaji hutumia muda mwingi zaidi akiwa amelala kifudifudi na kujisukuma kwa mikono kuliko akiwa amesimama. Ujazo mkubwa humbeba juu ya maji na kumpunguzia kazi. Ubao wa futi 9 huwa na lita 60 hivi au zaidi, na hata mwanafunzi hulidaka wimbi mapema. Ubao wa futi 6 wa washindani huwa na nusu ya hizo au pungufu. Humchosha mikono, lakini kingo zake nyembamba huzama kirahisi na hivyo hukata kona upesi.

Kinachomponyoka mnunuzi ni mpindo, yaani jinsi ubao unavyoinuka kuelekea omo na tezi, kama chombo kikitazamwa ubavuni. Ulionyooka husukumika kwa urahisi. Uliopinda sana husukuma maji mbele yake, ila kwenye wimbi lenye mteremko mkali hauchomeki pua na hugeukia nafasi ndogo. Kuupima hakuhitaji mtaalamu: rula ndefu hulazwa juu ya tumbo la ubao, na mwanya unaobaki kwenye ncha huonekana. Hata nusu inchi husikika majini. Ajabu ni kwamba wauzaji wanaotangaza lita kwa wino mzito mara nyingi mpindo hawautaji.

Mapezi hayaongezi kitu wakati wa kujisukuma. Kazi yake ni kwenye kona. Pezi moja hunyoosha mwendo, mawili hukimbia lakini tezi huponyoka. Mwaka 1981 Simon Anderson wa Australia alishinda Bells Beach kwa ubao wa mapezi matatu, na mtindo huo ukatawala soko la mbao fupi.

Malighafi nayo ilibadilika. Desemba 5, 2005, kiwanda cha Clark Foam cha Laguna Niguel, California, kilichokuwa kikiuza sehemu kubwa mno ya povu la poliurethani kwa mafundi wa Marekani, kilifungwa ghafla. Uhaba uliofuata uliwasukuma baadhi yao kwenye polisterini na gundi ya epoksi. Mbao hizo ni nyepesi na huanza mwendo upesi, ingawa hurukaruka bahari ikichafuka kwa upepo.

Kwa mnunuzi wa mtumba, hapo ndipo penye hasara. Polisterini iliyopata ufa hunywa maji na ubao huwa mzito, na gundi ya poliesta inayotumika kuziba mbao za poliurethani huiyeyusha. Aina ya povu huulizwa kabla ya bei, na ubao unaochuruzika maji ukisimamishwa kwa tezi hurudishwa kwa mwenyewe.