Anayefanana Naye Si Ndugu Yake

Wanachuo wenzangu wa ualimu wa Baiolojia, mada ya uainishaji tutaifundisha tu, tupende tusipende. Wanafunzi wengi huikariri kama orodha ya majina, mtihani ukiisha imeisha. Lakini kuainisha ni kutafuta ushahidi, na kipepeo mmoja anatosha kulionyesha hilo.

Anaitwa Danaus chrysippus. Kwetu Hasamba, mkoani Songwe, ni wa rangi ya chungwa, na ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi zenye mkanda mweupe. Ndege humkwepa, kwani kiwavi wake hula mimea ya utomvu mweupe wenye sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hadi anapoota mabawa.

Sasa panda kaskazini hadi Kenya. Huko yupo dorippus, chungwa tupu, hana ncha nyeusi wala mkanda. Kwa macho utasema ni spishi nyingine, na wapo wataalamu waliowahi kusema hivyo. Ila maeneo ya Nairobi wawili hawa hukutana na kuzaana. Ndiyo maana huitwa nususpishi: makundi ya spishi moja, kila moja na sura yake na eneo lake, lakini bado yanaweza kuchanganya damu.

Hata hapo mpaka haujanyooka. Majike wengi wa eneo hilo wana bakteria aitwaye Spiroplasma, anayeua watoto wa kiume wangali wachanga. Baadhi ya watafiti wanaona hali hiyo inapunguza uchanganyaji, kwa hiyo huenda makundi haya yako njiani kutengana.

Kisha kuna mwigaji, Hypolimnas misippus. Jike wake hana sumu, ila amevaa sare ileile ya chungwa na ncha nyeusi. Wapo hata majike wanaomwiga dorippus! Huyu ni wa jenasi nyingine kabisa. Utamjuaje? Tazama madoa meusi ya bawa la nyuma: Danaus jike ana matatu, dume manne, mwigaji ana moja.

Basi, sura peke yake haitoshi. Tunauliza pia anaishi wapi, anazaana na nani, na jeni zake zinasemaje. Tukiingia darasani, mwanafunzi akitaja jina la kiumbe, tusiishie kumpa vema. Tumuulize: umejuaje?